Mustang au Thunderbird? Fundi ajibu barua za Ford za kale

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa hapa Malindi, nina duka la vifaa vya uvuvi mjini. Kuna mzee Mtaliano tuliyejuana miaka mingi, anarudi kwao na anauza magari yake mawili ya Ford. Moja ni Mustang ya 1966, nyekundu, ina nembo za GT ubavuni, nayo imekaa miaka yote nyumbani kwake Casuarina, ukuta na ufuko. La pili ni Thunderbird ya 1965 ya paa gumu, rangi ya maziwa, iliyokuwa kwa ndugu yake Nakuru ikaletwa huku juzijuzi. Yote ni ya usukani wa kushoto na yana logibuku za Kenya za zamani. Mustang anaitakia karibu mara mbili ya bei ya Thunderbird. Gerejini wote wananiambia nichukue Mustang, Thunderbird ni mzigo. Nimepiga picha namba zake: Mustang inaanza na 6T07C, Thunderbird 5Y83Z. Nilichoona mwenyewe ni kwamba zulia la Mustang chini ya dashibodi lilikuwa chepechepe baada ya mvua. Kwenye Thunderbird indiketa za nyuma hazifanyi kazi, waipa zinajikokota, usukani unalia ukikatwa, na vitufe vya kufunga milango vimekufa. Nataka gari la kuweka na kulienzi, nitoke nalo sikukuu, na siku nikiamua kuuza nisile hasara. Nichukue lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kupiga picha namba, maana wengi huja kwangu na picha ya rangi na rimu, nami rimu hazinambii kitu.

Tuanze na Mustang. Hiyo 6 ni mwaka 1966. T ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey. Ingekuwa F ni Dearborn, na R ni San Jose kule California. 07 ni paa gumu. Paa la kukunja lingekuwa 08, na ile yenye mgongo wa kuteremka hadi kwenye buti, inayotafutwa sana na wakusanyaji, ni 09. Sasa tazama hiyo C. Ni V8 ya inchi 289 za ujazo, lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili na nguvu za farasi 200. Ni injini nzuri, ngumu kufa, sina ugomvi nayo. Ila Ford ilipoanza kuuza Mustang GT Aprili 1965 iliweka sharti: injini iwe ya kabureta ya midomo minne. Hiyo ni herufi A, farasi 225, au K, farasi 271. GT yenye herufi C haikutoka kiwandani, si 1965 wala 1966.

Simwiti mzee wako mwongo. Gari la umri huo limepita mikono mingi, na nembo za GT zinauzwa mpya hadi leo, mtu anaagiza, anatoboa matundu, anabandika. Huenda zilikuwako kabla yeye hajalinunua. Lakini bei anayokutajia ni bei ya GT, na wewe unauziwa Mustang ya kawaida ya paa gumu, ambayo mwaka huo wa 1966 peke yake zilitengenezwa 499,751.

Kabla hujamwambia hivyo, hakikisha umesoma namba mahali pake. Kibati cha mlangoni kimeshikwa kwa ribiti tu, na mlango hubadilishwa. Funua boneti, utafute namba iliyogongwa kwenye bati la ndani juu ya gurudumu la mbele, upande wa dereva. Lipanguse bati hilo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na umulike kwa tochi kutoka pembeni. Ikiwa namba hiyo si ile ya mlangoni wala ya kwenye logibuku, funga boneti, mshukuru mzee kwa chai, urudi dukani kwako.

Sasa zulia. Hilo ndilo lililonifanya nikae kitako. Chini ya kioo cha mbele cha Mustang, pale penye vitundu vya kuingizia hewa, kuna kisanduku cha bati ambacho hukioni. Maji ya mvua huingia humo na yalitakiwa yatoke ubavuni. Majani ya mvinje na mchanga vikijaa, maji hutuama, bati likaoza kutoka ndani, na siku moja dereva anaona soksi zimelowa. Kulithibitisha ni rahisi: mwombe mzee ruhusa, ingiza mkono wako chini ya dashibodi, usukume juu mpaka ulipate bati, kisha mtu mwingine amimine kopo la maji polepole kwenye vitundu, upande mmoja kisha wa pili. Maji yakikufikia vidoleni, umepata jibu. Kulitengeneza ni kuvua boneti na mabawa ya mbele, kutoboa viungo vya kuchomelea kimoja kimoja, kubandua bati la juu, kuunda la chini na kurudisha kila kitu mahali pake bila kupinda. Nimeona watu wakiziba kwa lami na kupaka rangi juu. Lami haishiki bati lililooza, na mwenye gari anajikuta anaziba kila masika.

Wala usidhani hapo ndipo mwisho. Magari haya mawili hayana chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Gari lililokula upepo wa kusi miaka na miaka nyuma ya ufuko wa Casuarina lina chumvi ndani ya mifupa hiyo. Lipandishe kwenye jeki, ulale chini na bisibisi. Gonga sakafu chini ya miguu ya dereva, gonga mihimili ya nyuma pale springi zinaposhika, na yale masanduku ya bati yanayounganisha sakafu na mihimili ya mbele. Bati zima hulia; lililooza linakujibu kwa sauti ya kadibodi. Fungua na buti: tangi la petroli la Mustang limedumbukizwa kutoka juu, na mgongo wa tangi ndio sakafu ya buti. Kukiwa na kutu pale ukingoni, harufu ya petroli inaingia ndani mnapokaa. Mwisho pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye ubavu wote. Inapoanguka, chini ya rangi hiyo nyekundu pana pati ya kuzibia, si bati.

Thunderbird namba yake haina siri. 5 ni 1965, Y ni kiwanda cha Wixom, Michigan, 83 ni paa gumu, Z ni V8 ya inchi 390, lita 6.4, farasi 300. Mwaka huo kila Thunderbird ilikuwa na injini hiyo na gia za otomatiki za kasi tatu. Imetoka Nakuru, mbali na bahari. Lala chini yake vilevile, igonge vilevile, usiipendelee. Lakini magonjwa uliyoyataja hayanitishi, nami nitakueleza moja baada ya jingine kwa sababu ndiyo yanayowatisha rafiki zako wa gerejini.

Waipa na usukani ni ugonjwa mmoja. Waipa za Thunderbird hiyo hazizungushwi na umeme. Zinazungushwa na mafuta ya pampu ya usukani, yanayopita kwenye mpira hadi kwenye mota ya waipa na kurudi. Ukisikia usukani unalia na kuona waipa zimechoka, usikimbilie kununua mota. Fungua kifuniko cha pampu utazame mafuta. Mara nyingi yamepungua kwa sababu mpira mmoja umepasuka, na mpira wa namna hiyo unatengenezewa hata hapa Malindi, kwa wale wanaotengeneza mipira ya matrekta.

Vitufe vya milango havitumii umeme pia, vinavutwa na hewa inayofyonzwa na injini. Mipira yake myembamba hukauka na kupasuka. Kununua mita kadhaa za mpira mpya, kukaa sakafuni na subira, kazi imeisha.

Indiketa za nyuma, hapo nitakawia kidogo kwa sababu nazipenda. Thunderbird ya 1965 ukiwasha indiketa, taa tatu za upande huo huwaka kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje, kana kwamba mtu anakuonyesha njia kwa mkono. Miaka hiyo hakukuwa na kompyuta ya kufanya hivyo. Ndani ya buti kuna kisanduku chenye mota ndogo inayozungusha vidole vya plastiki, na kila kidole kinagusa swichi yake. Vidole vinalika na swichi zinaota kutu ya kijani. Kifungue, kisafishe kwa msasa laini wa sufuri, uone. Kikishindikana kuna visanduku vya kielektroniki vinavyoingia mahali pale pale, ila kile cha zamani usikitupe. Mkusanyaji atakayekuja kununua siku moja atakiulizia.

Yalivyo kwa kweli, hayo ni magari ya watu wawili wenye fikra tofauti. Thunderbird ilizaliwa 1955 ikiwa ya viti viwili. Robert McNamara ndiye aliyesukuma iwe ya viti vinne mwaka 1958, kwa hesabu ya mauzo, na hesabu ikamtii. Ni McNamara huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa Benki ya Dunia na kutoa hotuba yake ya umaskini vijijini pale Nairobi mwaka 1973. Mustang ni ya Lee Iacocca, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, na hapo pengine unaelewa kwa nini mzee wako anaitajia bei ya moyo. Ilizinduliwa 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia New York, kwa dola 2,368, ikiwa imeundwa juu ya vyuma vya Ford Falcon, gari la bei nafuu. Thunderbird mpya ya mwaka huo ilianza karibu dola 4,500. Ukiingia kwenye hiyo ya pili ukafunga mlango utaijua tofauti: uzito unafika tani mbili, viti vya mbele vimekushika, na usukani, gia ikiwa kwenye maegesho, unausogeza kando ili upishe tumbo. Mustang ina uzito wa tani moja na robo tu, na ukiikanyaga inakwenda.

Basi mbona Mustang ni ghali zaidi, na Thunderbird za 1965 zilikuwa 74,972 tu? Kwa sababu uchache si bei. Bei hufuata hamu, na hamu ya Mustang iko dunia nzima. Hamu hiyo ina faida yake: kila kipande cha Mustang kinatengenezwa upya Marekani, hata bodi nzima. Thunderbird, injini yake haina shida, maana 390 iliingia kwenye magari mengi ya Ford na spea zake zipo. Taabu ni mapambo. Ukanda mmoja wa kromu, kifuniko kimoja cha taa, utavitafuta mpaka uchoke. Kwa hiyo kabla ya kulipa zunguka na daftari uhesabu vipande vyote. Mkanda uliokosekana ubavuni ni wa kupunguzia bei, tena sana.

Kuhusu sheria nitakwenda mbio. Gari la mtumba la zaidi ya miaka minane haliingizwi nchini kwa njia ya kawaida, na la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Maana yake logibuku hizo za Kenya ni mali yenyewe. Zikague kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kukagua magari. Na uhamisho wa umiliki siku hizi hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji akiuanzisha na kuuthibitisha kutoka akaunti yake. Mzee asipande ndege kabla jina lako halijatokea. Kumfuata Italia kwa ajili ya namba ya siri si mchezo.

Uamuzi wangu, ukiniuliza, ni Thunderbird. Ungeniuliza juu ya magari haya bila kuniambia mengine, ningesema Mustang bila kufikiri, na ndivyo walivyokujibu wale wenzako. Lakini wewe hununui Mustang ya kwenye kalenda. Unanunua moja yenye nembo ya kubandika, iliyolala baharini na inavuja kwenye kioo, kwa bei mara mbili ya gari zima lenye magonjwa ya mipira. Mzee akikubali kung'oa nembo hizo kwenye bei yake, na bisibisi yako isikutane na tundu, tuzungumze tena. Na lolote utakalochukua, badilisha silinda kuu ya breki. Yote mawili yana ya njia moja. Mpira wa mafuta ya breki ukipasuka kwenye gurudumu moja, breki zote zimekwenda. Ford iliweka ya njia mbili kuanzia magari ya 1967, na zinaingia kwenye haya. Thunderbird yako ina breki za diski mbele tangu kiwandani, hiyo ni heri nyingine.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu. Marehemu mjomba ametuachia Mustang ya 1965, namba inaanza 5R07T. Iko Mokowe, imefunikwa turubai la plastiki. Kijana mmoja anasema ikivuliwa injini yake ya silinda sita ikatiwa V8 itapanda thamani mara tatu. Ni kweli?

JIBU: Mwanangu, Mungu amrehemu mjomba. Kijana huyo anataka kazi, si vibaya, lakini si kweli.

Gari lenu lilitoka San Jose na silinda sita ya inchi 200. Nenda kwenye gurudumu lake uhesabu nati: utakuta nne. Mustang za V8 zina tano. Si nati tu. Ngoma za breki za gari lenu ni ndogo, ekseli ya nyuma ni nyembamba, springi za mbele ni laini, hata radieta ni ya kiasi chake. Akitia V8 peke yake, gari litakuwa na mbio bila breki. Akibadilisha vyote hivyo, mmelipa gharama ya gari jingine, na mkusanyaji atakayesoma hiyo T kwenye namba atajua kilichofanyika na kukupunguzia. Silinda sita iliyo kamili na ya asili ina wapenzi wake, haina makuu, na fundi yeyote anaiweza.

La haraka ni turubai. Liondoeni leo. Plastiki inazuia mvua lakini unyevu wa kutoka ardhini unapanda na kukwama chini yake, na hapo Mokowe maji ya chumvi yako hatua chache. Jengeni banda la makuti lenye kuta wazi, gari lipande juu ya matofali magurudumu yasiguse chini, mlioshe kwa maji matamu, chini kote mpulizie mafuta mazito ya kuzuia kutu. Madirisha yaachwe wazi kidogo, na wekeni wavu, maana panya wa bandarini hula nyaya. Na kabla hamjaitia ufunguo, toeni petroli yote ya zamani tangini.

SWALI: Gari langu ni Ford ya 1964. Naambiwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi itaua vali. Niweke dawa gani? – Msomaji wa Watamu

JIBU: Kenya iliacha petroli ya risasi 2006, na tangu wakati huo nimefungua vichwa vingi vya injini za zamani. Zinazotembea taratibu mjini sikuona zikifa kwa hilo. Ukiwa mtu wa kukanyaga hadi Mombasa kila wiki, siku utakayofungua kichwa kwa sababu nyingine mwambie fundi atie viti vigumu vya vali za kutolea moshi, yaani pete ambazo vali hizo hukalia zikijifunga, yaishe. Pesa ya chupa za dawa nunulia mafuta ya injini.

SWALI: Fundi, wewe umezungumzia Thunderbird za viti vinne. Kuna mtu ananiambia anayo ya viti viwili ya 1957 shambani, ataniuzia "bei ya undugu", nitume kwanza amana. Naye hataki nitume fundi, anasema ataniletea picha. – Msomaji wa Mambrui

JIBU: Thunderbird za viti viwili zilitengenezwa miaka mitatu tu, 1955 hadi 1957, jumla 53,166, na ndizo wakusanyaji wanazozipigania kuliko zote zenye jina hilo. Mwenye nayo anajua alichonacho. Mwambie akupe namba: 1957 iliyo halali inaanza na herufi ya injini, kisha 7, kisha F ya Dearborn, kisha H, ndipo tarakimu. Akikupa, nitumie niisome, na mimi mwenyewe nitapanda matatu ya Mambrui nije tuione. Asipokupa, hakuna gari shambani, na amana yako ibaki mfukoni.